Nafasi ya Daktari Losalini

Jumatatu aliyofariki Daktari Losalini Tukana, wanafunzi wa mwaka wa nne walimsubiri mlangoni mwa wodi ya wanaume kama kawaida, mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, ikinyesha. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na mwalimu wao. Moyo wake ulisimama alfajiri, akiwa anasahihisha mitihani. Msaidizi wake, Daktari Eparama, aliwaeleza, akajifuta macho kwa mkono wa koti, akaanza raundi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wameshakunywa chai.

Kitanda cha kwanza kilikuwa cha mzee Sakiasi, mwenye kisukari na kidonda cha kisigino. Mwanafunzi aitwaye Ruci akamwekea stetoskopu kifuani. Moyo ulipiga vizuri, na nyuma ya mapigo akasikia sauti ya Daktari Losalini ikiuliza mzee anavaa viatu gani.

“Babu, unavaa viatu gani?”

“Vya marehemu kaka yangu. Vinabana, lakini kanisani nitaendaje na kandambili?”

Eparama akasikiliza pia, akaisikia sauti ileile, akaandika. Vifua vya wodi nzima vilikuwa hivyo hivyo.

Kisiwa cha Sakiasi na kisiwa cha daktari ni watani tangu enzi za mababu. Mzee alipoambiwa sauti iliyo kifuani mwake ni ya nani, alijibu palepale.

“Mwambieni huyo mla popo, hata kufa hajui. Wenzake wakifa hupumzika. Na huko nako uprofesa wamemnyima?”

Ruci akasikiliza. “Anasema ungeuleta mguu mapema, babu, usingenuka hivi.”

Wodi ikacheka.

“Ndiye mwenyewe,” Sakiasi akasema, akageukia ukutani.

Uprofesa alinyimwa kweli. Kila alipouomba, kamati ilisema ameandika machache. Kutwa alikuwa kando ya vitanda vya wagonjwa. Utafiti wake wa vidonda vya kisukari ulitoka ukiwa na jina la mgeni wa Melbourne mbele ya lake, mtu aliyekaa wodini wiki mbili akaondoka na mkeka wa zawadi. Huyo sasa ni profesa.

Mishipa ya mguu wa Sakiasi ilihitaji kuzibuliwa ng'ambo, na ni bingwa tu anayeruhusiwa kutia sahihi barua ya kumpeleka mgonjwa huko. Eparama akaenda kwa mkuu wa kitivo kuomba bingwa mwingine. Mkuu akaja mwenyewe, akakisikiliza kifua cha mzee kwa muda mrefu.

“Anafundisha vizuri kuliko zamani,” akasema.

“Anafundisha, mkuu. Ila hana mkono wa kutia sahihi.”

“Chuo kilimwajiri afundishe. Nafasi haijawa wazi, daktari.”

Mguu ulikatwa Ijumaa, chini ya goti. Siku hizi Daktari Eparama huongoza raundi peke yake, na mwaka huu chuo kimeongeza maradufu idadi ya wanafunzi wa wodi ile.