Hema la Mtaalamu wa Mvua

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kumwona mtu akipigilia vigingi vya hema la sherehe yake mwenyewe, kavaa ovaroli, jasho linamtiririka, na hata hajui sherehe yenyewe inashangilia nini? Mimi nimemwona. Nilikuwa mlangoni pangu nachambua mchele, nikaacha mchele na mawe yake, nikatazama.

Mtu huyo ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Sisi tunamwita Mawingu. Alisoma chuo kikuu, akachukua shahada ya hali ya hewa: upepo unatoka wapi, mvua inapikwa wapi, mambo ya huko juu. Mimi niliishia shule ya msingi, sitajifanya nayaelewa yote. Ila naelewa kwamba alipomaliza alizunguka na cheti chake mpaka viatu vikacheka, na kila ofisi ikamwambia nenda tutakupigia, na simu ikanyamaza kama imekufa. Ndipo akaenda kwa Mama Maturubai, anayekodisha mahema na viti vya sherehe, akaomba kazi ya kufuta viti vumbi.

"Ya muda tu, Bibi," aliniambia.

Muda ukaota mizizi. Kutoka kufuta viti akapanda lori, kutoka kwenye lori akashika nyundo, na sasa ndiye anayewaongoza wapiga hema wote. Ukimwona juu ya ngazi, kamba menoni, anawaelekeza wanaume wawili kwa kidole tu, utapenda. Mimi napenda.

Baba yake hapendi. Baba yake ni fundi cherehani, na si wa kubahatisha. Koti lake likikukaa vizuri, hata tabia inanyooka. Tangu binti aingie chuo alimshonea suti ya ofisini, rangi ya majivu, bitana ya buluu. Kila mara anaitoa kabatini, anapunguza hapa, anaongeza pale, anaipiga pasi, anairudisha. "Mtu hasomi anga yote ile aje apange viti," husema, huku sindano iko mdomoni.

Mama Maturubai naye akiletewa maneno hayo hujibu, "Mwambieni fundi viti vina heshima yake. Yeye anakalia nini akishona?"

Wote wawili wanampenda yule mtoto, tatizo ni kwamba kila mmoja anamvuta mkono wake. Na usidhani Mama Maturubai aliijali ile shahada. Aliijali ubavuni mwa lori tu, alikoandikisha kwa rangi nyekundu: TUNA MTAALAMU WA MVUA. Wateja wakasoma, wakafurika. Lakini mtaalamu mwenyewe akisema, "Mama, hapa upepo utatuchezea, tuhamishe," jibu lilikuwa lile lile: "Mwanangu, mteja akitaka hema juu ya kisima, weka juu ya kisima." Basi Mawingu anarudi jioni, anavua buti, ananyoosha vidole vya miguu, anasema, "Bibi, leo tena." Nikimuuliza, "Wewe unataka nini hasa?" ananyanyua kikombe cha chai kikafunika uso mzima. "Aa, mambo yatajipanga."

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu dalili ya mvua ni Mawingu kununa.

Sasa, wiki ile simu ililia. Ofisi ya hali ya hewa, ile kubwa yenye mitambo juu ya paa, ikamwita kwenye usaili Jumatatu. Alikuwa anakimbilia lori, akampasha baba yake habari kupitia dirisha la karakana: "Baba, wamenipigia wale wa hali ya hewa, wananiita Jumatatu!" Akaruka juu ya lori, akaenda zake.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo nyumba yetu tu ingelifanya. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanyiwa usaili. Sisi ni watu wa kazi za mikono. Fundi akiitwa, kitambaa kiko mezani. Mwashi akiitwa, mchanga umeshamwagwa. Kwetu sisi kuitwa ni kupewa. Mwanangu akadondosha chaki, akaja kwangu mbio na futi ya kupimia ikipepea shingoni.

"Mama! Mtoto amepata! Anaanza Jumatatu!"

"Amepata nini, baba?"

"Anga, Mama! Amepewa anga!"

Nami nikapiga kigelegele, nifanye nini? Koo langu halina breki kwenye habari njema. Majirani wakatokeza vichwa. Kufika jioni mtaa mzima unajua kwamba mjukuu wangu ndiye atakayeamua mvua inyeshe lini. Jirani yangu muuza mkaa akaja kwa heshima zote, kofia mkononi, kuomba masika yacheleweshwe kidogo.

Mwanangu akaamua kufanya sherehe Jumamosi, ya kumshtukiza binti. Na hema akalikodi wapi? Kwa Mama Maturubai! Makusudi kabisa.

"Nataka aje mwenyewe akae mbele," alisema, "aone anachopoteza."

Mama Maturubai alipokea agizo bila kupepesa jicho. Biashara ni biashara. Asubuhi ya Jumamosi akamwambia Mawingu, "Leo hema moja tu, lile kubwa. Mnalipeleka kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenu, kwa baba yako. Usiniulize mimi, mimi ni mwalikwa tu."

Ndivyo nilivyomwona akishuka kwenye lori kwao mwenyewe, nyundo begani, macho yamemtoka.

"Bibi, kuna nini hapa? Nani anaoa?"

"Kamuulize baba yako," nikamwambia, nikainamia mchele wangu, maana kicheko kilikuwa kinanipanda na niliapa kutunza siri.

Baba yake akatokea amevaa shati jipya. "Usiulize maswali, fundi mwenzangu. Leo mimi ni mteja. Mlango wa hema utazame barabarani, kila apitaye aone."

Mawingu akainua uso. Akatazama juu ya paa la shule ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na wingu moja jeupe tu, limeumuka kama povu la sabuni kwenye beseni. Jua linawaka. Mimi sikuona neno. Yeye akanuna.

"Baba, wingu lile pale litatufuata mchana. Upepo utaingia moja kwa moja kwa upande wa barabara. Tuelekeze mlango huku ukutani."

"Wageni watazame ukuta? Ukuta una nini?"

"Ukuta ni mkavu, Baba."

"Mteja nimesema barabarani!"

Mawingu akampigia simu bosi wake. Hata pale nilipokaa nilisikia sauti ya Mama Maturubai ikitoka kwenye simu: "Mwanangu, fanya anavyotaka mteja! Niache nisukwe nywele!" Basi Mawingu akapiga vigingi, pa, pa, pa, kila pigo utadhani kigingi kimemtukana, na mlango ukatazama barabarani.

Mchana watu wakajaa. Wali ukapakuliwa, soda zikafunguliwa, na Mama Maturubai akaingia amevaa gauni linalong'aa kama sufuria jipya, akakaa mbele kama alivyopangiwa. Mawingu kasimama kando na ovaroli yake, sahani mkononi, bado anaulizia anayeoa. Mwanangu akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Binti yangu amechaguliwa kwenye ofisi ya hali ya hewa! Anaanza Jumatatu!"

Vigelegele! Wali ukamkwama Mawingu kooni, muuza mkaa akampiga mgongoni.

"Baba," alisema alipopata pumzi, "ni usaili. Wananiita waniulize maswali. Tumeitwa wengi."

"Maswali si utajibu?" mwanangu akasema, bila kuyumba hata kidogo juu ya kreti. "Na hii hapa ni suti! Shikeni, muione bitana!"

Suti ikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu. Nami ndipo nilipoona wingu. Lile povu la asubuhi lilikuwa limekua mlima, kitako cheusi, kichwa kimesambaa bapa. Ubaridi ukapita miguuni kama mtu amefungua mlango wa friji. Vitambaa vya meza vikainuka vyote pamoja, vikakaa, vikainuka tena.

Mama Maturubai akageuka kwenye kiti. "Mawingu, mwanangu. Hii itanyesha?"

"Inanyesha, Mama. Ikituingilia kwa huo mlango, hema lako litapaa na utalifuata kule sokoni."

"Tufanye nini?" Sauti yake ilikuwa imepungua, nakuambia kweli.

Mawingu akaweka sahani chini. Akavuta pumzi, na sauti ikatoka ile ya juu ya ngazi: "Kila mtu asimame! Viti katikati! Wenye nguvu kwenye nguzo! Mnang'oa vigingi, mnainua pamoja, tunaligeuza hema lote, mlango utazame ukuta! Mwenye sahani atembee na sahani yake!"

Mwenzangu, nimeishi sana, lakini sijawahi kuona hema likitembea. Nguzo hii kaishika muuza mkaa, ile wapiga hema, ile pale mwanangu na futi yake shingoni, na nguzo ya mbele kaikumbatia Mama Maturubai na gauni lake la kung'aa, viatu kavitupa huko. "Inueni! Kulia! Kulia, Baba, kulia ndiko unakokatia kitambaa!" Hema likapanda, likazunguka polepole kama bibi harusi mbele ya kioo, na sisi tusio na nguvu tukazunguka nalo humo ndani, wali mkononi, tukigongana, tukicheka, mtu akaanza kuimba na wote tukadakia. Mama mmoja hakuacha kula hata hatua moja. Mimi walinibeba na kiti changu, nikapita mbele ya watu wote kama malkia.

"Shusheni! Vigingi!" Pa, pa, pa. Akafunga kamba ya mwisho, na mvua ikatua.

Ikapiga mgongo wa hema kwa hasira, upepo ukavimbisha turubai likawa tumbo la mjamzito, nasi ndani tumeshikilia nguzo, wakavu kama unga. Halafu tukapiga kelele kwa furaha mpaka mvua yenyewe haikusikika. Muuza mkaa alikuwa anamwomba Mawingu msamaha, sijui wa nini.

Mwanangu, kakumbatia nguzo yake, akapaza sauti: "Mmeona? Mmeona? Huyu ndiye wa kupanga viti? Jumatatu anakwenda kwenye anga yake!"

"Aende wapi?" Mama Maturubai akajibu kutoka nguzo ya pili, nywele zote alizosukwa zimetoka mahali pake. "Kule atakaa chumbani aandike huenda kutakuwa na mvua! Hapa ameizuia mbele ya macho yako!"

"Hapa unamlimbikizia viti!"

"Na wewe unamvalisha majivu!"

"Mtoto ni wangu!"

"Na mtaalamu ni wangu, soma lori!"

Wanapigana kwa maneno na hakuna anayethubutu kuachia nguzo, kwa hiyo hawawezi hata kunyoosheana vidole. Walikuwa wanaelekezana kwa videvu. Watu wamekufa kwa kicheko. Mimi nikamtazama Mawingu. Yeye alikuwa katikati, kamba imezungushwa mkononi, anacheka nao, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda huku na huku kama ya mtu anayesubiri kuvuka barabara.

Nikagonga kijiko kwenye sahani. Bibi akigonga, hata upepo hungoja.

"Nyinyi wawili," nikasema, "mnamgawana kama kitambaa. Mwenyewe mmemuuliza?"

Mvua ikaendelea kupiga turubai.

Mwanangu akamgeukia binti yake. "Haya. Mawingu, mama. Jumatatu unakwenda?"

"Siendi, Baba."

Akalegea kwenye nguzo mpaka ikabidi muuza mkaa amsaidie kuishika. Mama Maturubai akaanza kutabasamu, meno yote nje.

"Usicheke, Mama," Mawingu akamwambia, "sijamaliza. Na kwako sibaki hivi hivi."

Meno yakarudi ndani.

"Unataka nini, basi?" wakauliza wote wawili, kwa sauti moja, kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Safari hii hapakuwa na kikombe cha kujifichia. Alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, ukabaki na mstari wa udongo, akanyoosha mgongo.

"Nataka kufanya nilichosomea, na nataka kukifanya hapa hapa, kwenye mahema. Viti apange mwingine. Mimi nitazame anga, nimwambie mteja siku gani na upande gani, kabla lori halijatoka. Na awe mfalme, awe baba yangu, awe wewe mwenyewe, Mama: nikisema hapa hapafai, hema lisisimame."