Maji ya Nikodemo

Mabomba yalikuwa yamelala Lukozi, milimani Usambara, wiki ya tatu sasa, na mifuko ya saruji kando yake imefunikwa turubai. Yalitoka Ulaya, kwa shirika lililokubali kukisaidia chama cha akina mama walima mboga wa vijiji viwili, cha juu na cha chini. Sharti lilikuwa moja: vijiji vipatane kwanza. Visipopatana kufikia Ijumaa, mabomba yanapelekwa wilaya nyingine.

Kwenye karatasi walikuwa wamekwisha kupatana. Bwana Anders, mzungu wa shirika, kijana mwenye nia njema na haraka nyingi, aliwakalisha wenyeviti mezani, wakatia saini, mihuri ikagongwa, picha ikapigwa. Kesho yake mfereji unaoshusha maji kijiji cha chini ukazibwa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa Washambaa hasira haitoki kwa kalamu. Hutoka mdomoni, pamoja na maji.

Ndiyo maana siku ile ya mwaka 1976 vijiji vyote viwili vilijaa kwenye chemchemi, macho yote kwa Mwanamisi, mjane wa kijiji cha chini. Siku aliichagua Bwana Anders mwenyewe: katikati ya Ramadhani, saa nane mchana, akaja na boksi la biskuti. Nzi ndio waliozifurahia.

Miaka miwili nyuma, wakati wa ukame, Nikodemo wa kijiji cha juu aliuziba mfereji ili mahindi yake yapone. Hassani, mume wa Mwanamisi, alipanda kwenda kuuzibua, akateleza kwenye jabali, akafa. Serikali haikuona kosa. Mwanamisi aliliona, akalilea kama mtoto.

Desturi ilikuwa wazi. Mkosaji huchota maji, huyanywa kidogo mbele ya watu, kisha humpa aliyekosewa. Huyo akisema yaliyomo moyoni, akasukutua na kutema, yamekwisha. Akikataa, hakuna wa kumlazimisha. Na Mwanamisi, tangu alipokula daku, alikuwa ameamua kukataa. Mabomba yaende yanakotaka.

Nikodemo akainama, akachota kwa kata.

“Kunywa, baba,” alisema Halima, mwenyekiti wa chama.

Nikodemo hakunywa. Minong'ono ikaanza. Mtu akasema ameyatia kitu. Mlutheri wa kanisa la Mlalo, hana mfungo wa kumzuia, anaogopa nini?

“Mama Saidi,” Nikodemo akamwambia Mwanamisi, “unisamehe na hili pia. Mwaka ule niliwanyima maji, nami nikawa nakunywa. Tangu mwezi wenu uandame, mchana sinywi. Siwezi kunywa mbele yenu.”

“Siku kumi na tisa,” mkewe Josephina akasema taratibu. “Mimi nilidhani anaumwa.”

Mwanamisi akamtazama midomo. Ilikuwa imekauka na kupasuka, midomo ya mtu anayelima juani bila tone. Kiu ile aliijua, hakuna wa kumdanganya. Mwili ukamsisimka mpaka kwenye nywele. Mtu mzima amejifungia kiu peke yake, bila kumwambia hata mkewe, kwa ajili ya watu ambao hawakumsalimia miaka miwili! Bwana Anders alikuwa ameishika kalamu, lakini haandiki.

Mwanamisi akaipokea kata.

“Hassani alikufa kwa sababu yako,” alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa waliosimama nyuma kabisa. “Nimekuchukia kila siku. Hata kwenye sala nimekuchukia.”

“Najua,” Nikodemo akajibu.

Akasukutua. Maji yalikuwa baridi, na kiu ikamwomba ayameze. Akayatema yote chini, kati ya miguu yake na ya Nikodemo. Vijiji viwili vikavuta pumzi kwa pamoja.

Akamrudishia kata.

“Jua likizama mje nyumbani, wewe na Josephina,” akamwambia. “Utafuturu kwangu.”