Kufuli la Bafu la Maimuna

Maimuna hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mke mkubwa, na ukubwa huo una maumivu yake, kwa hiyo msimhukumu kabla sijamaliza.

Nyumba yao iko Rasbura, mita ya maji ipo pale pale getini. Kwa miaka mingi Maimuna alikaa humo na mumewe Haruna, wakamlea mtoto wao Imani mpaka akaenda kujitegemea Mtwara, na bafu lilikuwa moja tu uani, la sakafu ya saruji. Kisha akaja Somoe. Haruna alimjengea huyo mke mdogo bafu lake, upande wa pili wa ua, akalitia vigae vyeupe mpaka ukutani. Vigae! Maimuna aliolewa na bwana huyu akiwa hana hata baiskeli, akamvumilia, akamzalia, akamlimia mikorosho kule Kilangala, na hajawahi kuulizwa anapenda ndoo ya rangi gani. Yule kaja jana, kapewa vigae.

Basi akaenda dukani akanunua kufuli, akalitia kwenye mlango wa bafu lake. "Mwenye vigae aoge kwenye vigae vyake," alisema, kwa sauti ya kutosha kuvuka ua. Ufunguo ulikuwa mmoja, na aliufunga kwenye pindo la kanga. Kila asubuhi Somoe alipita na ndoo yake, akasema, "Shikamoo, dada," na Maimuna akaitikia marahaba kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Sasa, maji ya kwetu ni ya mgao, na yakija hayapigi hodi. Bomba likiwa kavu watu huliacha wazi na beseni chini yake, ili maji yakija yakute chombo. Maimuna alikuwa na nyongeza yake: alifunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba, kuchuja lile tope la mwanzo.

Asubuhi moja bomba lilikuwa kavu, naye akaliacha hivyo hivyo, limefunguliwa, na ndani ya beseni akaacha mche mzima wa sabuni aliotaka kuanza kufulia. Ikaja simu: shangazi yake amefariki Kilangala. Akajitanda kanga, akabana kufuli, akaondoka. Haruna alikuwa Songo Songo na mzigo wake wa vitenge, na hilo lilimtuliza Maimuna njia nzima. Angalau yule wa vigae analala peke yake.

Huko msibani simu yake iliita. Jina likatokea: Mke Mdogo. Maimuna alilitazama mpaka likanyamaza. Ikaita tena. Anataka nini? Bwana karudi mapema, alijisemea, anataka nisikie wanavyocheka. Akailaza simu kifudifudi mkekani, akaendelea kuchambua mchele na wenzake. Iliita kesho yake, na keshokutwa. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakupokea hata mara moja.

Aliporudi, jirani alimpokea na habari: Somoe alikuwa akichutama kwenye mita kila siku, mkono ndani ya kisanduku. Maimuna akaiweka habari hiyo kifuani. Akafungua kufuli la bafu lake, akafunga bomba bila hata kufikiri, kama mtu anavyorudisha mlango aliopita, akatazama beseni. Limejaa maji. Sawa, maji yalikuja. Lakini sabuni hakuna! Mche mzima!

"Kaingia," alisema. "Vigae anavyo, na bado kaja kuoga kwangu."

Haruna naye akarudi, na nyuma yake ukaja ujumbe wa bili ya maji. Aliusoma, akausoma tena, akakaa kwenye kigoda. Fedha aliyoitenga kwa vibarua wa kupulizia mikorosho dawa ndiyo ingelipa maji hayo, na mikorosho haingoji. Ukichelewa kuipulizia, maua yanaungua na ukungu, na mwaka wako umekwisha. Akawaita wake zake wote wawili uani.

"Maji haya sijayanywa mimi," alisema. "Vibarua mwaka huu hakuna. Aliyeyamwaga ndiye atakayekwenda Kilangala akapulizie, apalilie, akae huko mpaka korosho ziokotwe. Haya, semeni."

Moyo wa Maimuna uliruka. Mpaka korosho ziokotwe! Msimu mzima bila Somoe, zamu zote zake, bwana wake mwenyewe kama zamani. Hakuwahi kutaka kitu namna ile.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Baba Imani," alisema. "Muulize huyu alikuwa akifanya nini kwenye mita kila siku ulipokuwa safari."

Haruna akamgeukia Somoe.

"Nilikuwa nafunga maji," Somoe alisema.

"Kwa nini?"

Somoe alimtazama Maimuna, akatazama chini.

"Si unaona!" Maimuna alisema.

Haruna alishusha pumzi. "Basi kafungashe vitu vyako, Somoe."

Hapo Maimuna angenyamaza, angekuwa ameshinda. Lakini wivu hautosheki na ushindi, unataka na nyongeza.

"Na sabuni yangu airudishe!" alisema. "Mche mzima, niliuacha kwenye beseni chini ya bomba. Kaingia bafuni kwangu kaumaliza!"

"Bafuni kwako?" Haruna aliuliza. "Si kuna kufuli?"

"Lipo."

"Kaingiaje? Ana ufunguo wa pili?"

"Ufunguo wa pili hakuna. Upo mmoja tu, huu hapa." Akafungua pindo la kanga, akaunyanyua ufunguo juu wote wauone.

Haruna aliutazama. Akautazama mlango wa bafu. "Na bomba, Mama Imani? Uliliachaje ulipoondoka?"

Maimuna alifungua mdomo kujibu. Ndipo mkono wake ukakumbuka: lile bomba alilifunga aliporudi, alilizungusha na kulizungusha. Sabuni nzima haiyeyuki kwa beseni moja la maji. Inayeyuka yakipita juu yake mchana na usiku. Akaushusha ufunguo taratibu.

"Siku za mwanzo sikusikia, bomba lina kitambaa," Somoe alisema, bado anatazama chini. "Niliona maji kwangu yanatoka kinyonge, nikaja kutega sikio mlangoni kwako. Nikakupigia, dada. Nimekupigia mno. Ikabidi niwe nafunga pale kwenye mita, nafungua nikitaka kuchota tu."

"Mbona hukunipigia mimi?" Haruna aliuliza.

"Ningekuwa nimemsemea."

Afadhali angemtukana. Maimuna alisimama pale na ufunguo wake, na kilichomuuma zaidi hakikuwa aibu, wala Kilangala. Kilichomuuma ni kwamba vigae kapewa yeye, na sasa hata wema kauchukua yeye.

Haruna alikuwa ameshatoa neno lake, na hakulirudisha nyuma.

Siku ya safari Maimuna alibana kufuli kwa mazoea. Alifika getini na mzigo wake kichwani, akasimama karibu na mita, akarudi. Akalifungua kufuli, akamtia Somoe ufunguo mkononi.

"Si wa kuogea," alisema. "Ni wa kuangalia bomba."

"Sawa, dada."

Kilangala alipulizia mikorosho kitambaa kimemfunika pua, unga wa salfa, dawa ya ukungu, ukamkaa kwenye nyusi na kwenye chai. Mgongo uliuma, lakini akilini alikuwa Rasbura. Leo ingekuwa zamu yangu, alijiambia chini ya kila mti. Leo kakaangiwa samaki na nani? Alijua ni nani.

Adhuhuri moja simu iliita. Mke Mdogo. Kidole kilikwenda chenyewe kuilaza kifudifudi. Akakizuia, akapokea.

"Shikamoo, dada. Maji yametoka leo. Pipa lako nimelijaza."

"Marahaba." Kisha ikamtoka: "Baba Imani yuko wapi?"

"Yuko bafuni, dada. Bafuni kwako. Juzi kaanguka kwenye vigae, sasa anasema vinateleza, hataki tena kuoga kwangu."

Maimuna aliweka mashine ya kupulizia chini, akakaa juu ya majani makavu. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Anaoga kwangu, alijisemea, kwenye saruji yangu, na taulo anapelekewa na yule. Aliyasikia maji kwa mbali ndani ya simu, yakimwagika.

"Mwambie," alisema, "akimaliza afunge bomba."