Simu ya Tano

Piedad Llerena alikuwa na duka la keki mtaa wa Ficoa, mjini Ambato, na akina mama wengi wa mji ule waliokuwa wakiandaa harusi ya binti walikwisha kuufungua ukurasa wa duka lile kwenye simu wakameza mate. Watu elfu arobaini waliufuata. Oda zote zilipitia humo: picha, maswali, anwani za kupeleka, hata malalamiko ya bibi mmoja wa Pinllo aliyedai kila mwaka kwamba krimu imepunguzwa.

Waliokuwa wakiutumia ni wanne. Piedad mwenyewe, Anabel, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyepiga picha na kujibu wateja, Don Segundo, mwokaji, mzee mwenye kidole gumba kinene kilichobonyeza herufi mbili kwa mpigo, na Rosaura Toapanta, mpambaji, ambaye keki kubwa alizipeleka mwenyewe kwa kuwa hakumwamini dereva yeyote wa teksi kwenye matuta. Wote wanne waliingia kwa jina moja na nenosiri moja, nalo lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito kwenye kipande cha kartoni kilichobandikwa ubavuni mwa friji.

Anabel alikuwa amelipigia kelele jambo hilo hadi akachoka.

"Mama mkubwa, kila mtu apewe njia yake ya kuingilia. Jina lake, nenosiri lake, na namba za kuthibitisha ziende kwenye simu yake. Wewe unabaki mwenye ukurasa. Mtu akiondoka unamtoa yeye peke yake, sisi wengine tunaendelea na kazi."

"Kwani hapa benki?" Piedad angemjibu. "Tuko wanne, tunakula sufuria moja. Nikufiche nini wewe?"

"Sio kunificha mimi."

"Basi nimfiche Don Segundo? Huyo ukimpa mlango wake mwenyewe atapotelea humo ndani siku tatu."

"Nipotee tu, mama," Don Segundo angedakia toka kwenye tanuri. "Huko angalau hakuna wa kunifokea habari za hamira."

Wakacheka, mambo yakaishia hapo. Mara moja tu, Desemba ya mwaka juzi, Anabel alijitia ushujaa akabadilisha nenosiri bila kuuliza. Ukurasa ukashtuka, ukawafungia nje siku mbili nzima, oda za Krismasi zikaning'inia, na Piedad akafoka mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Rosaura alikuwa na miaka thelathini na moja. Alipoanza kazi pale alikuwa akija kila asubuhi kwa basi kutoka Pelileo, alikokaa na mumewe Kléver, fundi wa kukata suruali za jinzi. Sukari ikiingia mikononi mwake hutoka ua, na ua lenyewe hata nyuki angelikosea. Siku nyingine alikuja amevaa shali shingoni jua likiwa kali, na hapo hakuna aliyemuuliza neno. Halafu Septemba ya mwaka jana akaja na begi moja la nguo na mdomo uliovimba, akamwambia Piedad, "Mama, nimetoka. Sirudi." Piedad akampa chumba cha juu ya duka, akampeleka mwenyewe mahakamani, na mahakama ikaandika kwamba Kléver asimkaribie. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na duka. Kléver hakuonekana Ficoa hata siku moja, na miezi ilivyopita Rosaura akaanza tena kuimba akiwa kazini.

Kitu kimoja tu Kléver alikuwa amekibakiza siku ile ya kuachana: simu. Alimpokonya mkononi mlangoni. Rosaura alinunua nyingine, akasoma kile kikartoni cha kwenye friji, akaingia kwenye ukurasa kama kawaida.

Ilikuwa mwezi wa nne, wiki ya mwisho, alipomfuata Piedad kwenye sinki. Anabel alikuwa nje akipiga picha.

"Mama Piedad, nina ombi. Naomba nenosiri la ukurasa libadilishwe."

"Na wewe tena? Anabel amekutuma?"

"Hapana, mama." Rosaura alikuwa akifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Leo asubuhi nimefungua ujumbe wa mteja, nikakuta umeshasomwa. Nimemuuliza Anabel, hakuusoma. Don Segundo simu yake haina chaji tangu jana. Wewe ulikuwa kanisani. Na wiki iliyopita ilikuwa vilevile." Akatazama mlango. "Ile simu yangu ya zamani anayo yule. Na mle ukurasa uko wazi."

Piedad aliendelea kusugua trei. Siku ya Mama ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, na keki mia moja na themanini zilikuwa zimeshaagizwa. Akauona ukurasa umejifunga, akaziona keki zimejipanga bila kujua ipi ya nani.

"Rosaura, mwanangu, wiki hizi mbili? Ukurasa ukitufungia nje tumekwisha."

"Najua, mama."

"Labda ni simu ya Don Segundo inajifungua yenyewe. Ikipita Siku ya Mama tu, Jumatatu yake, tunabadilisha. Nakuahidi."

"Sawa, mama," alisema Rosaura. Hakusisitiza. Alikuwa mtu wa kuona haya kuomba kitu mara mbili, na Piedad alilijua hilo.

Alhamisi kabla ya sikukuu, duka lilikuwa halina hata pa kukanyaga. Mteja wa Atocha, mwalimu mstaafu, alikuwa ameagiza keki ya ghorofa mbili yenye mawaridi meupe. Saa sita mchana aliandika kuuliza italetwa na nani. Anabel, simu mkono mmoja na mkasi wa utepe mkono mwingine, akamjibu: *Rosaura atakuletea mwenyewe saa tisa alasiri. Mngojee getini, yuko peke yake na keki ni nzito.*

Saa tisa na dakika kumi simu ya duka ikalia. Don Segundo ndiye aliyeipokea, mikono ina unga. Alisikiliza, akauliza "Yuko hai?", kisha akazima tanuri na kumwita Piedad.

Kléver alikuwa amemngoja kwenye kona, hatua chache kutoka kwenye geti la mwalimu, na kisu cha kukatia jinzi. Rosaura alikuwa ameishika keki kwa mikono miwili. Kléver alimchoma ubavuni, na mwanamke alipoinua mkono wa kulia kujikinga uso, kisu kikapita kwenye kiganja kikakata mishipa ya vidole. Mwalimu mstaafu, na miaka yake sabini na moja, alitoka na ufagio akipiga mayowe, majirani wakamwangusha Kléver na kumkalia mpaka polisi walipofika.

Hospitalini Piedad alikaa kwenye benchi na aproni yake yenye krimu. Daktari alipotoka kusema kwamba ataishi, Anabel alilia kwa sauti. Piedad hakulia. Kichwani mwake neno Jumatatu lilikuwa likizunguka bila kukoma.

Kesho yake akaja mwendesha mashtaka, mwanamke kijana mwenye sauti ya mafua, akaketi jikoni kati ya maboksi. Alitaka kujua kitu kimoja: mtu huyu alijuaje mahali na saa?

Anabel akafuta mikono kwenye aproni. Kisha akachukua simu yake, akaingia sehemu ya ukurasa ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, ile inayoonyesha simu zote zilizomo ndani. Akahesabu kwa kidole. Moja ya Piedad, moja yake, moja ya Don Segundo, moja mpya ya Rosaura. Kidole kikasimama juu ya ya tano.

"Pelileo," alisema. "Iko ndani tangu Septemba. Mara ya mwisho ilifunguliwa jana, saa saba na dakika arobaini mchana." Akaweka simu mezani kana kwamba imemuunguza. "Ni mimi niliyeandika. Niliandika jina lake na saa. Niliandika yuko peke yake."

"Hukujua," alisema mwendesha mashtaka. Akageuka. "Na wewe, Doña Piedad? Kuna mtu yeyote hapa aliyejua kwamba mtuhumiwa anaweza kusoma ukurasa huu?"

Tanuri lilikuwa likinguruma. Don Segundo alikuwa akimtazama. Anabel alikuwa akimtazama.

"Hapana," alisema Piedad. "Hakuna aliyejua."

Ikaandikwa, akatia saini.

Jioni ile ile Anabel alikibandua kile kikartoni na kukichana vipande vipande. Aliwakalisha mmoja mmoja. Kila mtu akapata jina lake na nenosiri lake. Namba za kuthibitisha zikatumwa kwenye simu ya kila mmoja. Don Segundo akapewa ruhusa ya kuona oda za mkate tu, na alikubali bila mzaha wowote. Ile simu ya Pelileo ikatolewa kwa kubonyeza mara moja. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na ukurasa haukujifunga hata dakika moja.

Wiki tatu baadaye Rosaura aliruhusiwa kukaa kitandani na kupokea wageni zaidi ya mama yake. Piedad alimletea supu ya kuku kwenye chupa. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko. Daktari alikwisha kusema kwamba vidole vitatu havitakunjika tena. Mama yake, Zoila, mwanamke mfupi wa Patate mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameketi pembeni akimenya chungwa.

"Wakili wa Kléver amekuja na maneno," Rosaura alisema akitazama dari. "Anasema tulikuwa tumerudiana. Kwamba nilimwachia simu ile makusudi, ili tuwasiliane kwa siri, wewe Mama Piedad usijue. Kwamba siku ile nilimwita mwenyewe, tukagombana, yeye akapandwa na hasira. Ugomvi wa mke na mume."

"Uongo mtupu!"

"Nimemwambia mwendesha mashtaka kwamba niliomba nenosiri libadilishwe. Kwamba niliogopa. Akaniangalia kwa huruma, akafungua faili. Akasema, dada, mwajiri wako ametia saini kwamba hakuna aliyejua."

Zoila aliacha kumenya.

Piedad alikaza kifuniko cha chupa ya supu.

"Ulisahau, mama?" Rosaura aliuliza, na hapo tu akageuza uso. "Kama ulisahau, niambie. Nitaelewa. Ulikuwa na keki mia na themanini."

Jibu lilikuwa karibu, lilikuwa tamu, na Piedad alilitamani.

"Sikusahau," alisema. "Niliona haya. Na niliogopa watu watasema nini juu ya duka."

Zoila akasimama, akachukua chupa ya supu, akaiweka mikononi mwa Piedad.

"Nenda nayo," alisema. "Sisi hapa tunakula."

Piedad alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja ofisi ya mashtaka, chupa bado mkononi. Alingoja saa mbili kwenye foleni. Yule kijana mwenye mafua alipomwita, alisimulia yote: sinki, trei, ujumbe uliosomwa kabla hawajaufungua, simu iliyobaki Pelileo, ahadi ya Jumatatu. Mwandishi wa ofisi alichapa kwa vidole viwili na kumuomba arudie.

"Unajua kwamba ulitia saini uongo?" aliulizwa.

"Najua."

"Inaweza kukuletea kesi."

"Iandike hivyo hivyo."

Kesi dhidi yake haikufunguliwa, ila maneno yake yalisomwa mahakamani mwezi wa kumi mbele ya watu, na gazeti la mkoa likayachapa. Ukurasa ukajaa matusi. Akina mama waliokuwa wakimwagiza keki miaka ishirini waliandika *Ulimuuza kwa ajili ya sikukuu*, na Anabel, akiwa na uwezo wa kufuta, alimuuliza afute au aache. Piedad akasema aache. Kufika Desemba Don Segundo alikuwa akiwasha tanuri siku tatu tu kwa wiki.

Kléver alihukumiwa miaka kumi na minne. Jaji alisema wazi kwamba mwanamke aliyeomba mlango ufungwe hakuwa akimkaribisha mtu. Wakili alipiga meza, Kléver akacheka akitazama ukuta, wakamtoa.

Kwenye korido Piedad alimwona Rosaura akisaidiwa na mama yake kuvaa koti, mkono wa kulia ukiingia kwa shida. Alikuwa amekonda. Anabel akamkumbatia kwanza, wakalia wote wawili. Halafu Rosaura akaja mbele ya Piedad.

"Nakwenda Loja kwa kaka yangu," alisema. "Ana duka la vifaa vya shule. Nitakaa kaunta."

"Chumba chako kiko vilevile. Nikikuta kazi ya mkono mmoja, yoyote ile..."

"Mama Piedad." Alisema kwa upole. "Asante kwa kusema kweli. Imenisaidia. Lakini usinipigie. Wala Anabel asinipe salamu zako."

Piedad alitikisa kichwa kukubali. Zoila alikuwa ameshafungua mlango wa nje, na baridi ya mlimani ikaingia koridoni. Wakateremka ngazi polepole, binti ameegemea bega la mama yake, wakavuka barabara kuelekea stendi ya mabasi ya kusini. Piedad alisimama pale mpaka mlinzi alipomwambia kwamba wanafunga.