Akiba ya Mshono

Muuguzi alipotaja kipimo cha kiuno, fundi cherehani hakushtuka hata kidogo. Namba hiyo aliijua kuliko ya simu yake. Aliyeruka ni binti yake.

"Aa, dada, hiyo futi yenu imelegea," binti alisema huku anacheka. "Sketi hii naivaa tangu naanza sekondari, haijanibana hata siku moja. Ningenenepa hivyo si ningejua?"

Mama mtu akainamisha macho sakafuni.

Walikuwa kwenye chumba kidogo cha zahanati, matumbo matupu kama walivyoagizwa. Wanafunzi walikuwa wamepimwa shuleni, na wachache wakaambiwa waje na wazazi. Fundi alikuja shingo upande. Maradhi gani, na mtoto mwenyewe anang'aa hivi?

Umjue kwanza fundi huyu. Kila sare aliyoshona, aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, maana watoto hukua. Mteja akitaka kupanuliwa, alileta nguo mwenyewe. Kwa binti yake fundi hakungoja kuombwa. Sare ikishafuliwa, alifumua pembeni kidogo, akashona upya, kisha akapiga pasi mpaka alama ya uzi wa zamani ikafutika. Akiba ilipokwisha, alitia kipande kipya, na kabla ya kukitia alikiloweka na kukianika juani mpaka kikapauka kama kitambaa cha zamani. Binti hakujua lolote. Ilikuwa kazi safi kabisa, Mungu amsamehe. Zamani gauni lilimchanikia yeye mwenyewe mbele ya darasa zima, akaapa mwanawe hatachekwa. Na mashoga zake nao walizidi kumpamba: "Mwanao kanawiri, shoga! Kwako hakulali njaa." Ndivyo tulivyo. Mtoto akinenepa tunampongeza mama, akikonda tunamsema baba.

Muuguzi alifunua ukosi wa shati la binti. "Huu weusi wa shingoni umeanza lini?"

"Uchafu tu huo, dada," fundi alidakia kwa aibu. "Namsugua na dodoki kila siku, hautoki. Watoto wa siku hizi kuoga hawajui."

"Usimsugue tena, mama. Sio uchafu. Ngozi ikiwa hivi, mara nyingi mwili unahangaika na sukari."

Macho yalimtoka pima. Alimkumbuka mtoto akilia bafuni, shingo imechubuka, na yeye akimwambia avumilie.

"Sukari ipi? Mwanangu soda haijui! Kwangu mimi ni juisi ya matunda tu, ya boksi."

Binti alikuwa nayo moja mkobani, ya kufungulia kinywa baada ya vipimo. Muuguzi aliiomba, akaigeuza ubavuni, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ambayo fundi hakuwahi kuyatazama. Maji. Sukari. Kisha matunda, kidogo mno.

"Tunda lenyewe liko hapa, kwenye picha," muuguzi alisema kwa upole. "Si wewe peke yako, mama. Wengi wanaponzwa na hii." Akamgeukia binti. "Lete kidole, tuone damu inasemaje."

Binti alirudisha mkono nyuma. "Sitobolewi! Mizani mbovu, futi mbovu, sasa mnataka na damu yangu? Mama, waambie. Wewe ndiye fundi. Si sketi ni ileile?"

Alishaunyakua mkoba, yuko mlangoni. Muuguzi hakumfuata.

"Simlazimishi," alimwambia fundi polepole. "Ila wanaotoka hivyo, wengine huwa tunawaona tena wakiwa wamebebwa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alikuwa akiusema msemo huo kwa watu kila uchao, na leo ulimgeukia mwenyewe. Aliinuka, akamfuata mwanawe na kugeuza upande wa sketi nje. Akamwonyesha matundu ya sindano, safu baada ya safu, na kipande kilichotiwa.

"Si ileile, mwanangu. Naipanua mimi, kila ikifuliwa."

Binti alikitazama kile kipande kama vile hajawahi kuona kitambaa. "Tangu lini?"

"Tangu sare ya kwanza. Niliogopa watakucheka."

"Wananicheka kila siku, mama! Na mimi nawaambia ni waongo. Nawaonyesha sketi!"

Fundi alijishika kifua.

Binti alirudi, akaketi, akanyoosha kidole bila kumtazama mama yake. Muuguzi alitoboa, akangoja, akasoma. Sukari ilikuwa juu ya kawaida. Haijawa ugonjwa bado, alisema, lakini iko mlangoni, na mlango huo bado unafungika: chakula, mwendo, usingizi, na vipimo zaidi vya kuthibitisha. Alisema pia kwamba mwili mnene si kosa wala aibu. Binti aliuliza maswali yote mwenyewe, moja baada ya jingine. Fundi aliyasikia kwa mbali tu, hofu imemjaa.

Nje, juani, alinyoosha mkono kurekebisha ile sketi iliyogeuka. Binti aliushika mkono huo akausimamisha.

"Usiiguse tena, mama. Ikinibana, nataka niwe wa kwanza kujua."