Kiti cha Kutoka Nairobi

Mjomba Agustino alianza kukata tiketi za mabasi stendi ya Katesh kabla sijazaliwa, na kwa sababu hiyo hakuna mtu katika ukoo wetu anayethubutu kumfundisha habari za safari. Ndiyo maana siku ile tulikuwa tumekaa Babati tunakunywa supu bila haraka, wakati tulipaswa kuwa mbali sana na Babati.

Msafiri alikuwa mama yangu, Marieta. Mdogo wangu Letisia ni muuguzi Ujerumani, na keshokutwa yake asubuhi alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Aliomba jambo moja tu, kwamba kabla hawajamlaza amwone mama. Madaktari walishaahirisha mara moja kwa ajili hiyo, wakasema hawataahirisha tena. Mama akikosa ndege ya jioni ile, Letisia angeingia chumba cha upasuaji peke yake, na huenda asingetoka.

Tiketi alitutafutia Sada, ambaye huuza tiketi za ndege kwa simu akiwa dukani kwao Katesh. Kuondokea uwanja wetu wa Kilimanjaro, yaani KIA, kulitushinda bei. Kuondokea Nairobi ilikuwa karibu nusu ya bei. Cha ajabu, ndege ni ile ile: inaruka Nairobi, inatua KIA kuchukua watu, ndipo inakwenda Ulaya. Sada alisema hata yeye hajui kwa nini, bei za ndege hazifuati barabara. Alichosisitiza ni kwamba mama aanzie Nairobi.

Mjomba aliposikia kwamba inatua KIA, alicheka mpaka akakohoa. Kwetu Katesh basi la kutoka Singida hufika limejaa, kwa hiyo mwenye akili hulipia kiti tangu Singida, kiti kinakuja kitupu, naye anapandia Katesh. Mjomba amewapa watu viti vya namna hiyo miaka yote. Sasa ya nini kumpeleka dada yake nchi ya watu, kisha ndege imrudishe hapa hapa KIA, wakati angeweza kupandia hapo? Mama akaitikia. Kaka mkubwa kwetu habishiwi, hasa mbele ya watu. Mimi nilijaribu, akaniuliza nimewahi kujaza basi gani. Nikaenda kufunga mizigo ya mama.

Hatibu, mume wa Sada, ndiye aliyeendesha. Gari lake lina vibali vya kuvuka mpaka, maana hufuata vipuri Nairobi. Alinitazama kwenye kioo kila mjomba aliposema tusimame kidogo. Tukasimama Magugu kununua mchele. Tukasimama tena kumsalimia mtu aliyewahi kuwa kondakta.

Tulikuwa tunaikaribia Arusha Sada alipopiga simu kuuliza kama tumeshavuka Namanga. Nilimwambia ukweli. Akaniomba nifungue spika ya simu ili wote wasikie.

"Shikamoo mzee," alisema. "Mama asipopanda Nairobi, wanahesabu hajaja, na safari yote inafutwa. Kiti hakiji kitupu. Kinauzwa, au kinaondoka bila jina lake. Hapo KIA hawatamjua."

Mjomba akajibu kwamba yeye ameshika biashara ya viti kabla Sada hajajua kusoma. Hatibu akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa kwenye njia panda: kushoto Namanga, moja kwa moja KIA. Alikuwa anamsubiri mtu wa kuamua, na mtu huyo hakuwa mimi.

Mama alimgeukia kaka yake, akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, mpaka akamaliza. Kisha akarudia kwa Kiswahili ili Hatibu naye asikie.

"Kaka, leo nitakukosea adabu. Kama nimekosea mimi, nitakuja nipige magoti kwako. Hatibu, pinda kushoto."

Sikuwahi kusikia mama akimpinga. Mjomba alifungua mlango, akashuka na kofia yake. Alisema atakuwa KIA, na tukirudishwa tutamkuta huko. Mama alimwangalia kwa kioo cha nyuma mpaka tulipompoteza. Alilia bila sauti hadi Longido.

Namanga tulikuta foleni. Afisa akamtaka mama atoe cheti cha chanjo, naye mama akapekua mkoba wake kwanza upande huu, kisha ule, mimi nikiona watu wanatupita. Kilikuwa ndani ya Biblia. Ng'ambo, malori yalituziba Kitengela, na Hatibu, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, akaanza kusali kwa sauti. Tulipofika uwanja wa Nairobi, dada wa kaunta ya abiria alikuwa ameshasimama na pochi begani, tayari kufunga. Alimtazama mama, akatazama viatu vyake vyenye vumbi, akaketi tena.

Mama aliingia bila hata kuniaga vizuri.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Ndege ilitua KIA jua likizama. Watu wakasimama, wengine wakashuka, mlango ukabaki wazi. Mama akamfikiria kaka yake, yuko hapo nje, amedharauliwa na mdogo wake mbele ya kijana wa watu. Akaona hawezi kwenda Ulaya na jambo hilo. Atashuka mara moja, amshike miguu, arudi. Kwenye basi huwa tunafanya hivyo, dereva anapiga honi tunarudi. Alikuwa ameshafungua mkanda, amefika kwenye njia ya katikati, simu yake ikaita.

Alikuwa mjomba. Ameshinda pale tangu mchana, akiuliza kila dirisha lenye mtu, na kila dirisha lilimpa jibu lile lile la Sada.

"Marieta, umo?"

"Nimo, kaka. Nashuka nikuombe msamaha."

Ikaja ile sauti ya stendi, aliyokuwa akiwaitia abiria wa Singida.

"Usishuke. Ukishuka hapo umepoteza kiti. Kaa, mdogo wangu. Kaa hapo hapo mpaka umwone mtoto."

Mama akarudi, akakaa.