Swali la Mkamwana

Tangu aolewe, Tabita hakuwahi kuuona sawasawa uso wa baba mkwe wake. Mzee Ambwene alikuwa Mndali wa Ileje, wa mila za zamani: mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala halitamki jina lake. Wakikutana uani, Tabita alijifunika khanga na kugeukia ukuta mpaka mzee apite. Majirani wa Tunduma, waliozoea kuona kila kitu kikivuka mpaka, walimcheka. Yeye aliona ni adabu, na adabu haijawahi kumuua mtu. Ndivyo alivyodhani.

Safari hii mzee alishuka kutoka Ileje kuwatembelea, akiwa na mafua mazito. Sasa, Tabita alikuwa muuzaji wa duka la dawa, na kwenye vidonge vya mafua alikuwa mkali kuliko askari wa geti. Mzee yeyote aliyevitaka aliulizwa kwanza kama haja ndogo inatoka vizuri. Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini asiyejibu aliondoka mikono mitupu. Alikuwa amefundishwa kwamba vidonge vile vinakausha pua, ila mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba vinaweza kumfunga mkojo.

Huyu angemuuliza vipi? Akamtuma mumewe, Aliko.

"Muulize baba kama anakojoa vizuri," alimwambia. "Usipomuuliza, dawa sitoi."

Aliko alikaa chumbani kwa mzee kitambo kirefu, vicheko vikasikika. Alipotoka alisema amemuuliza na mzee hana shida yoyote. Tabita akatoa vidonge.

Pua ilikauka. Mzee akaisifu dawa, akaomba nyingine, na Aliko akampelekea. Kesho yake Tabita alianza kuisikia fimbo ya mzee ikienda chooni, ikirudi, na kabla hajamaliza kuosha sufuria inakwenda tena. Chai ilirudishwa jikoni kikombe kimejaa. Alijua ile ni dalili ya nini. Alipomwambia mumewe, Aliko alijibu kwamba uzee ndivyo ulivyo, akaondoka kwenda kufuatilia karatasi za malori yake forodhani.

Siku iliyofuata, mchana, mzee alianza kuugulia. Tabita alimpigia Aliko simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Kisha akasimama mlangoni kwa mzee, mkono kwenye pazia. Akaingia, uso wazi.

Mzee aligeukia ukuta.

"Baba, mkojo unatoka?"

Mzee akasema polepole, "Tangu jana, hakuna. Na hata kule nyumbani, mwaka huu wote ni matone tu."

Chini ya kitovu tumbo lilikuwa gumu kama kibuyu. Tabita alimwegemeza begani, akamkokota mpaka kwenye bajaji. Njiani mzee alisema, macho yake barabarani, "Mwanangu, ungeniuliza wewe ningekwambia. Huyu mwenzio alikuja kuniuliza habari za mahindi."

Hospitalini walimwekea mpira, mkojo ukatoka mwingi, una damu. Lakini figo zilikuwa zimeshachoka, na homa ikapanda isishuke tena. Wiki haikuisha, wakamrudisha Ileje ndani ya jeneza.

Msibani, shangazi yake Aliko, bibi Gwalugano, alisema mbele ya wanawake wote bila kupunguza sauti. Mkamwana ameingia chumbani kwa mzee, amemtazama, amemshika mwili. Sasa watu wanashangaa nini mzee kufa? Tabita alimtafuta mumewe kwa macho. Aliko alikuwa upande wa wanaume, karibu tu, na alikuwa amesikia. Aliinama akichora udongo kwa kijiti. Alipoombwa aseme neno kwa niaba ya familia, alisimama, akashukuru waombolezaji, akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Tabita alitaka kusimama awaambie yale maneno ya kwenye bajaji. Lakini nani angemwamini? Ukoo mzima ulijua kwamba mzee Ambwene, mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kusema neno hata moja na mkamwana wake.